Udongo Usiotuamisha Maji: Nguvu na Deni la Ngazi za Mto

Siku mbili baada ya mvua kubwa ya masika, tazama mashamba ya bonde la Rufiji kuanzia chini kwenda juu. Kwenye mashamba ya mpunga maji bado yametanda, na anayepita huko anazama hadi kwenye kifundo cha mguu. Mbele kidogo ardhi inainuka taratibu, kiasi ambacho mgeni hawezi kukitambua kwa macho. Huko watu wameshashika majembe wanapalilia, na udongo unaachia jembe bila kung'ang'ania. Mvua ni ileile na mto ni uleule. Kilichotofautiana ni udongo, na mahali ulipokaa.

Udongo huo wa juu ndio unaotajwa karibu katika kila kipeperushi cha kilimo: zao hili hustawi kwenye udongo tifutifu usiotuamisha maji. Nyanya zinautaka, vitunguu vinautaka, mapapai na matikiti yanautaka. Maneno hayo yamerudiwa mno hata yamekuwa kama salamu: yanatamkwa, yanaitikiwa, na watu wanapita. Katika uchambuzi huu nataka tusimame kidogo. Tuuangalie udongo tifutifu wenye kichanga, ule unaolala kwenye ngazi za kando ya mito yetu: umetoka wapi, unashikaje maji, kwa nini unazaa haraka na kuchoka haraka, na umewafanyia nini watu wa Rufiji na wa Tana. Hoja yangu ni moja. Uzuri wa udongo huu uliletwa na mto, na mto ndio uliokuwa ukiutunza. Ardhi ikishapanda juu ya mafuriko, au mafuriko yakizuiwa yasiifikie, kazi ile ya mto inamwangukia mkulima, apende asipende.

Mto unavyojenga ngazi na kuziacha

Mkulima wa Machakos akisikia habari za ngazi shambani atafikiria fanya juu, yale matuta yaliyoinuliwa kwa majembe na jasho ili kuzuia mmomonyoko. Ngazi ninazozungumzia hapa hazikuchimbwa na mtu. Zilichongwa na mto wenyewe kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu ya kijiji chochote.

Mto unaofurika hubeba mchanga, tope laini na mfinyanzi kwa pamoja. Maji yakiwa na kasi hubeba vyote. Yakipoteza kasi huanza kuutua mzigo, na kilicho kizito hutangulia kushuka. Yanapovuka ukingo na kutawanyika, kasi hupotea ghafla, na mchanga huanguka palepale jirani na mkondo. Tope laini husogea mbele kidogo. Mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo mno, huelea hadi mabondeni, mbali na mto, ukatua pale maji yanapotulia kabisa. Ndiyo maana katika mito mingi ya tambarare ardhi iliyo karibu na mkondo imeinuka na ni ya kichanga, na iliyo mbali imezama na ni ya mfinyanzi. Wengi wetu hudhani kinyume chake.

Hatua ya pili ni mto kujichimbia. Usawa wa bahari ukishuka, ardhi ikiinuka, mvua ikibadilika au mzigo wa mashapo ukipungua, mto huanza kuila sakafu yake. Unashuka, na uwanda uliokuwa ukifurika kila mwaka unabaki juu, mkavu, kama kipandio kilichoachwa. Baada ya muda mto hujenga uwanda mwingine chini, kisha hushuka tena. Mwisho wake ni vipandio viwili, vitatu au zaidi, vinavyofuatana kutoka mtoni kwenda mlimani. Katika jengo la ghorofa, ghorofa ya juu ndiyo iliyojengwa mwisho. Kwenye ngazi za mto ni kinyume: ya juu kabisa ndiyo kongwe.

Ukongwe huo unaonekana shimoni. Chimba mita moja kwenye kipandio cha chini na utaona mafuriko yamejipanga kama kurasa: mstari wa mchanga mweupe, juu yake tope la kahawia, kisha mstari wa giza ambao wakati fulani ulikuwa uso wa ardhi wenye majani na mizizi, ukazikwa na furiko lililofuata. Katika udongo wa kawaida mboji hupungua kadiri unavyokwenda chini. Hapa inaweza kupungua, ikaongezeka, halafu ikapungua tena.

Chimba kwenye kipandio cha juu, na kurasa hizo zimeshafutika. Mizizi, mchwa na minyoo wamezichanganya. Mvua za miaka mingi zimeuteremsha mfinyanzi, zikaacha uso wa kichanga juu ya tabaka lililoshikana zaidi, mara nyingi lenye wekundu. Kwa hiyo mashamba mawili yanayotazamana, yote yakiitwa ya kichanga tifutifu, yanaweza kuwa na tabia mbili tofauti. Anayetaja jina la udongo bila kutaja kipandio ametoa nusu ya habari.

Kilichomo kiganjani

Wapimaji wa udongo hutenganisha chembe kwa ukubwa. Kuanzia milimita 2 hadi 0.05 ni mchanga. Kuanzia 0.05 hadi 0.002 ni tope laini. Chini ya hapo ni mfinyanzi. Udongo tifutifu wenye kichanga una mchanga zaidi ya nusu, mfinyanzi usiozidi asilimia 20, na sehemu iliyobaki ni tope laini. Mfinyanzi huo mchache ndio gundi ya mambo yote. Ukikosekana, unabaki na mchanga wa ufukweni. Ukizidi, unabaki na udongo unaopasuka wakati wa kiangazi na kuteleza wakati wa mvua.

Huhitaji maabara kuutambua. Chukua udongo kiasi cha kujaza kiganja, ulowanishe kidogo, ufinyange donge. Mchanga mtupu hautashikana. Udongo wetu utashikana, lakini ukilibonyeza donge kwa kidole litavunjika, na ukijaribu kulisokota liwe kamba nyembamba litakatika mapema. Mfinyanzi halisi unasokoteka, unapindika, hata pete unaweza kuifanya. Kisha sugua chembe kati ya vidole karibu na sikio: mchanga unasikika ukikwaruza.

Hapo tumeujua mchanganyiko wa chembe. Bado hatujajua kama udongo unatuamisha maji, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Udongo wa kichanga uliokaa juu ya tabaka gumu, au mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, utatuamisha maji pamoja na kichanga chake chote. Kwa upande mwingine, udongo mwekundu wa Kiambu au wa miteremko ya Kilimanjaro una mfinyanzi mwingi, na bado unapitisha maji vizuri kwa sababu chembe zake zimejifunga katika vidonge vidogo vyenye njia katikati. Kutotuamisha maji ni sifa ya shimo zima na mahali lilipo. Uso wa shamba peke yake hautoshi kukuambia.

Shahidi mwaminifu wa jambo hili ni rangi. Udongo ukiwa wa kahawia au mwekundu, rangi ikiwa moja hadi kina cha mita moja hivi, ujue hewa inafika huko mwaka mzima, na chuma kilichomo kimepata kutu kama bati lililoachwa nje. Ukikuta ukijivu wenye madoa ya kutu, maji hukaa hapo kwa muda mrefu kila msimu, hata kama siku uliyochimba ni kavu na vumbi linatimka. Hewa ikikosekana, vijidudu vya udongo huigeuza kutu hiyo ikayeyuka majini, na udongo ukapauka. Dalali wa kiwanja anaweza kukuonyesha shamba wakati wa kiangazi. Madoa hayo hayawezi kufichwa na kiangazi.

Jaribio la pili ni la maji. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na upime. Yakishuka sentimita 2 na nusu au zaidi kwa saa, udongo unapitisha maji vizuri. Lakini yakitoweka kwa dakika chache, usishangilie: umekuta udongo unaoyatupa. Sifa tunayoitafuta iko katikati, yaani maji kuondoka kwa urahisi bila kukimbia.

Hesabu ya maji

Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, udongo tifutifu wenye kichanga hunywa milimita 20 hadi 30 za maji kwa saa. Mfinyanzi hunywa milimita 1 hadi 5. Mvua ya saa moja yenye milimita 25 inaweza kuingia karibu yote kwenye kipandio cha kichanga. Kwenye mfinyanzi sehemu kubwa itatuama au itakimbia na kubeba udongo.

Faida zake ni nyingi, na mkulima anaziona kabla hajaambiwa. Mizizi hupumua, na shamba linalokauka juu baada ya siku moja au mbili huiacha ipumue. Vimelea vinavyoozesha mizizi ya mapapai na nyanya hupenda maji yaliyosimama. Chumvi huoshwa kwenda chini badala ya kubaki juu na kuunguza miche. Mbegu huchomoza bila kupambana na gamba zito. Karanga, ambazo huzamisha vikonyo vyake ardhini ili zizalie huko, zinapata udongo unaopenyeka, na siku ya kuvuna zinang'oka na maganda yake yote. Mihogo na viazi vitamu hunyooka. Ufuta, usiovumilia maji kwenye miguu yake, unasimama.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Udongo huu hunywa haraka, lakini tumbo lake ni dogo. Katika kina cha mita moja huweza kuhifadhi maji yanayofaa mimea kiasi cha milimita 120 hivi, ilhali udongo mzito zaidi unaweza kufikia 175 hadi 200. Chukua mahindi yenye mizizi ya sentimita 60. Ghala lao lote ni milimita 72. Mmea hauwezi kuvuta hadi tone la mwisho bila kuumia, kwa hiyo tuseme nusu ndiyo inayotumika kwa usalama: milimita 36. Jua kali la bondeni likivuta milimita 6 kwa siku, ghala hilo linaisha kwa siku 6. Mvua ikichelewa wiki mbili, mahindi ya kipandio cha juu yanajikunja majani wakati ya bondeni bado yana kijani.

Vitunguu vina mizizi mifupi zaidi, sentimita 30 hivi, na vinaanza kuumia maji yakipungua hata kwa theluthi. Ghala lao salama ni milimita 11 au 12, yaani siku mbili za jua. Hapo ndipo utaelewa kwa nini anayelima vitunguu kwenye udongo wa kichanga hana siku ya kupumzika. Kumwaga maji mengi mara moja kwa wiki hakusaidii: yanayozidi uwezo wa ghala yanashuka chini ya mizizi, yakiwa yamebeba mbolea. Kinachosaidia ni maji kidogo, mara kwa mara. Haba na haba hujaza kibaba.

Umwagiliaji wa mifereji mirefu una tatizo lake hapa. Maji yanapoachiwa kichwani mwa mfereji, udongo unayanywa kabla hayajafika mwisho. Miche ya mwanzo inazama na ya mwisho inakauka, na pampu inaendelea kuchoma mafuta. Mifereji mifupi au mipira ya matone huokoa maji na mafuta. Kinyume cha tabia hiyo ndicho kinachoueleza mpunga wa Mwea: udongo mweusi mzito wa huko unasifiwa kwa sababu unashikilia maji juu. Kila udongo una kazi yake, na hasara huja pale tunapoulazimisha udongo mmoja kufanya kazi ya mwingine.

Ghala lenye mlango wazi

Virutubisho hukaa wapi udongoni? Sehemu kubwa hushikwa kwenye nyuso za mfinyanzi na mboji, ambazo zina chaji hasi na hivyo huvuta kalisi, magnesi, potasi na amonia. Mfinyanzi ukiwa mchache, rafu za ghala ni chache. Naitreti, aina ya naitrojeni ambayo mahindi hupenda kuila, ina chaji hasi pia, kwa hiyo haishikwi kabisa. Mvua kubwa moja baada ya kuweka urea yote kwa mkupuo inaweza kuishusha chini ya mizizi, na mkulima akabaki akilaumu mbolea kuwa ni feki. Kugawa mbolea mara mbili au tatu kunapunguza hasara hiyo.

Mboji nayo ina maisha mafupi hapa. Joto letu, hewa nyingi ya udongo wa kichanga, na uhaba wa mfinyanzi wa kuifunika huwapa vijidudu karamu ya mwaka mzima. Msitu ukifyekwa kwenye kipandio kama hiki, misimu ya kwanza huzaa hadi watu wakasifu. Halafu mavuno hushuka mwaka hadi mwaka. Wahenga walishasema kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali. Buyu hili halina asali nyingi tangu mwanzo.

Yako maudhi mengine yanayostahili kutajwa. Udongo wenye mchanga mwembamba na tope laini hujipanga vizuri mno ukikanyagwa: chembe ndogo hujaza nafasi kati ya chembe kubwa, na baada ya miaka ya trekta au ya jembe kufika kina kilekile, tabaka gumu hujengeka chini. Udongo uliosifiwa kwa kupitisha maji unaanza kutuamisha. Matone ya mvua yakipiga uso ulio uchi hutengeneza ukoko unaokataa maji na kuzuia miche. Minyoo fundo, inayovimbisha mizizi ya nyanya na bamia, hustawi kwenye udongo wa kichanga. Na kwa kuwa udongo huu haujikingi sana dhidi ya tindikali, mbolea zenye amonia huugeuza kuwa na uchachu upesi. Katika hili la mwisho kuna nafuu: chokaa kidogo kuliko kile ambacho mfinyanzi ungehitaji hutosha kuurekebisha.

Rufiji: kati ya bonde na kipandio

Watu wa Rufiji walijifunza kuishi na ngazi zote mbili kwa pamoja. Mpunga ulipandwa mabondeni kwa mvua na mafuriko. Maji yalipoanza kurudi mtoni, udongo uliobaki na unyevu ulipandwa mahindi na kunde, kilimo kinachoitwa mlau. Mlau hauhitaji mvua. Unaishi kwa maji ambayo udongo ulishayanywa, na kwa tope jipya lililoachwa na furiko. Wakati wa kulinda mazao watu walikaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili maji yapite chini na wao wabaki juu.

Mafuriko makubwa ya 1968 yalileta uamuzi wa serikali. Katika Operesheni Rufiji, iliyotangulia kwa miaka kadhaa operesheni za vijiji za miaka ya 1970, wakazi wa bondeni walihamishiwa kwenye ardhi iliyoinuka nje ya mafuriko. Nia ilikuwa njema: kuokoa maisha, na kuwasogeza watu karibu na shule, zahanati na barabara. Lakini kwa udongo, ulikuwa uhamisho kutoka kwenye ardhi inayolishwa na mto kila mwaka kwenda kwenye kichanga cha juu, ambacho mto haukifikii. Mikorosho na miembe ilistawi huko, maana mizizi yake inakwenda mbali kutafuta maji. Mahindi na mpunga havikupata kilichopatikana bondeni. Familia zikaendelea kushuka kulima mbali na nyumba zao, na shamba lisilolala mtu lilipata wageni: nguruwe, nyani na viboko.

Siandiki haya kwa kuwahukumu waliofanya uamuzi ule. Naandika kwa sababu swali lake limerudi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Bwawa kama hilo hunasa mashapo na kubadili wakati na ukubwa wa mafuriko ya chini yake. Hilo halimaanishi kwamba hatari imekwisha: Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Lakini kwa miaka ijayo, tope linalofika kwenye mashamba ya mlau halitakuwa lile la zamani. Bonde lenyewe litaanza kuishi kama kipandio. Watu wake wanastahili kuambiwa hivyo mapema, na kusaidiwa kujiandaa.

Tana: ukanda mwembamba wa baraka

Kaskazini zaidi, Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, unatoa somo kwa lugha kali zaidi. Kutoka Garissa kushuka hadi deltani mto unapita katika nchi kame, na ardhi nzuri ya mazao imejipanga kama utepe kando yake. Wapokomo wamelima ukanda huo kwa vizazi: migomba na miembe kwenye kingo zilizoinuka, ambako udongo ni mwepesi na mizizi hufikia unyevu wa mto, mpunga kwenye mabonde na mikondo iliyoachwa. Waorma, wafugaji, hushusha mifugo yao mtoni kupitia njia wanazoziita malka. Kwa kuwa ukanda ni mwembamba, kila shamba jipya linaweza kuziba njia ya ng'ombe, na kila kundi linalopotea njia linaweza kumaliza shamba. Mwaka 2012 ugomvi wa watu wa deltani uliua zaidi ya watu mia moja. Siasa ilikuwa na mkono wake, lakini msingi wake ulikuwa ardhi na maji.

Kwa upande mwingine, mradi wa umwagiliaji wa Bura, ulioanza kupokea wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliwekwa nje ya utepe huo, kwenye tambarare ambazo chini yake kuna tabaka lenye chumvi na magadi lisilopitisha maji vizuri. Kwenye ramani, eneo la tambarare pana lilipendeza kuliko vipande vya kando ya mto. Shimoni, habari ilikuwa nyingine. Maji yaliinuliwa kwa pampu za dizeli, gharama zikapanda, eneo lililopangwa likapunguzwa, na familia zilizotoka mbali zikabaki zikitegemea mfereji usio na uhakika. Bura ilikuwa na matatizo mengi, lakini udongo wake ulikuwa ushahidi uliolala pale tangu siku ya kwanza.

Na utepe wenyewe hautulii. Mwaka 1989 Tana ilibadili mkondo, na mradi wa Hola, uliokuwepo tangu 1953, ukakosa maji. Huko juu yalikuwa yamejengwa mabwawa ya Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Yametupa umeme ambao Kenya isingeweza kuukosa. Pia yameshusha vilele vya mafuriko ya kila mwaka na kuzuia sehemu ya mashapo, na mto unaopungukiwa mzigo hurudi kuzila kingo zake. Mgomba wa ukingoni unaanguka mtoni pamoja na udongo uliouzaa.

Kuifanya kazi ya mto

Mto ulikuwa ukifanya mambo matatu kwenye ardhi hii: kuleta rutuba mpya, kulowesha udongo kwa kina, na kubadilisha mazao kwa kulazimisha shamba lipumzike chini ya maji. Anayelima juu ya mafuriko lazima apate mbadala wa kila moja.

Rutuba inarudishwa kwa samadi, mboji na mabaki ya mazao, na ni lazima irudishwe kila mwaka kwa sababu haikai. Kuchoma mabua kwenye udongo huu ni kuchoma rafu za ghala lenyewe. Kunde, mbaazi na mimea mingine jamii ya mikunde huleta naitrojeni, na mbaazi, kwa mizizi yake ya kwenda chini, hupandisha juu kile kilichokuwa kimeshatoroka. Unyevu unahifadhiwa kwa kutandaza majani juu ya udongo, kwa kupanda mapema, na kwa kuchagua mazao yanayoiva kabla ghala halijaisha. Mzunguko wa mazao unafanya kazi ya pumziko: nyanya zikifuatwa na nyanya, minyoo fundo itakuwa mwenye shamba.

Ukingo nao ulindwe kwa pamoja. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Nchini Kenya, kanuni zinaweka ukanda usiolimwa wa mita 6 hadi 30. Najua sheria hizo zinawauma wakulima wadogo, kwa kuwa utepe huo ndio udongo bora waliojaliwa. Lakini bila miti ya ukingoni, mto utauchukua utepe wote bila kuuliza. Njia ya haki ni kuruhusu na kusaidia miti yenye faida pale ambapo jembe halitakiwi. Hali kadhalika uchimbaji wa mchanga mtoni: sakafu ya mto ikishushwa, maji ya ardhini yaliyo jirani yanashuka nayo, na kipandio kilichokuwa kikavu kwa miezi mitatu kinakuwa kikavu kwa mitano. Malori yanabeba mchanga na unyevu wa mashamba kwa safari moja.

Mwisho, wanaopanga miradi waanze na shimo. Shimo la mita moja na nusu linachimbwa kwa nusu siku na vijana wawili, na linatoa habari ambazo ramani nzuri haziwezi kutoa. Jamii zilizoishi kando ya mito zina ujuzi wa kila kipandio: kipi hukauka kwanza, kipi kilizaa pamba, kipi kilimeza mahindi mwaka wa mvua nyingi. Ujuzi huo uandikwe kabla wazee hawajaondoka nao.

Kwa hiyo, ukionyeshwa shamba kando ya mto na kuambiwa kwamba lina udongo tifutifu usiotuamisha maji, omba jembe. Chimba hadi uone rangi, na uutafute ule mstari wa giza, uso wa ardhi uliozikwa na furiko. Ukiupata, umeuona mkono wa mlimaji wa kwanza wa shamba hilo. Kisha waulize wenyeji maswali mawili: mto ulifika hapa mara ya mwisho lini, na tangu siku hiyo, ni nani amekuwa akilipa kilichokuwa kikilipwa na mto? Wakinyamaza kwa swali la pili, bei ya shamba hilo bado haijakamilika. Sehemu iliyobaki utailipa wewe, kwa toroli za samadi, kila mwaka.